Mkunga na Milimita Kumi na Moja

Saa moja kasorobo asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili wa mlima, Mavjuda Nazirova anapiga magoti mbele ya gari lake. Mkono wa kushoto ameshika tindo, wa kulia nyundo. Gari ni Niva ya mwaka 1991, na linang'aa. Rangi yake nyeupe haijamaliza hata wiki mbili.

Anaweka ncha ya tindo pale ukuta wa mbele ulipochomelewa, anapiga mara moja. Rangi inapasuka kama ganda la yai. Anapiga tena, safari hii kwa nguvu.

Juu ya ukuta wa mawe wa ua wake vimejitokeza vichwa vitatu vya majirani.

"Mavjuda, umepatwa na nini?" anauliza mmoja. "Gari zima hilo!"

"Siyo zima," anajibu bila kugeuka. "Limevaa vizuri tu."

Mavjuda si fundi wa magari. Ni mkunga, ana miaka 49, na kwa miaka ishirini na minne amekuwa mhudumu pekee wa kituo cha afya cha Obisafed, juu kabisa kwenye bonde la Zarafshan. Vijiji vinne vinamtegemea. Hospitali yenye chumba cha upasuaji iko kilomita tisini chini, mwendo wa saa tano barabara ikiwa kavu. Theluji ikianguka, mtu hahesabu tena saa.

Mshahara wake ni somoni elfu moja na mia mbili kwa mwezi. Gari ni lake, alilinunua kwa mtafiti wa madini aliyekuwa anarudi kwao. Petroli anajaza mwenyewe, na wagonjwa humchangia wanapokuwa nacho. Wasipokuwa nacho humpa aprikoti zilizokaushwa, yale matunda madogo ya manjano ya huko kwao, au kilo moja ya siagi.

Ajali ilitokea tarehe 28 Agosti, saa tano asubuhi, mchana mweupe, barabara ikiwa haina hata mbuzi. Alikuwa anapeleka chanjo kijiji cha juu. Kabla ya daraja kuna kona, na kwenye kona ile sanduku la barafu lililobeba chanjo liliteleza kutoka kwenye kiti. Mavjuda akanyoosha mkono kulidaka.

Sanduku alilidaka. Nguzo ya zege ya daraja nayo ikalidaka gari.

"Nilikosa mimi," anasema. "Daraja halikutoka mahali pake."

Mkunga aliumia kifundo cha mkono na kumeguka kipande cha jino. Chanjo arobaini zilisalimika, naye akamaliza safari juu ya punda, akachanja watoto wote kabla ya jioni. Niva ilivutwa na trekta hadi uani kwake ikiwa imekunja uso. Bampa lilikuwa limeviringika, taa ya kushoto haipo, rejeta imesukumwa hadi ikaumana na feni, na boneti imesimama kama paa la nyumba.

Gereji moja ya mjini ilitaka somoni elfu tisa na miezi miwili. Mavjuda alizima simu, akamimina chai, akamwambia mumewe kwamba gari litatengenezwa hapa hapa nyumbani.

Mumewe, Umed, ni mwalimu wa hisabati. "Na nani?" aliuliza.

"Na mimi."

"Basi mimi nitakusomea maelekezo," alisema Umed, ambaye kwa ushahidi wa mke wake akishika spana, spana yenyewe huona haya.

Lakini chuma si kitu kigeni kwa Mavjuda. Alizaliwa Istaravshan, katika mtaa wa wafua visu. Ndugu zake wa kiume ndio waliofundishwa kupiga nyundo, yeye kazi yake ilikuwa kuvuta mvukuto. "Ukivuta mvukuto miaka kumi," anasema, "unajua chuma kimekubali lini na kimenuna lini. Hata kama hakuna aliyekuuliza."

Alichokosa ni ujuzi wa magari, na kwa hilo akamwendea Ami Safol.

Safol ana miaka 71. Alikuwa fundi mkuu wa kituo cha matrekta enzi za shamba la ushirika, na mpaka leo huvaa koti lake la pamba majira yote, kiangazi na kipupwe. Si ami yake wa damu, ila bonde zima humwita hivyo. Alilizunguka gari mara mbili, akainama, akatazama chini, akatoa hukumu.

"Sura si tatizo, binti yangu. Sura hata mimi nilikuwa nayo. Tatizo ni bega."

Mabega, kwa lugha ya Safol, ni ile mihimili miwili ya chuma inayotoka chini ya miguu ya dereva hadi mbele, iliyobeba injini na magurudumu. Bega la kulia lilikuwa salama. La kushoto lilikuwa limejikunja kuingia ndani.

Kazi ilianza wiki ya kwanza ya Septemba. Mavjuda alikuwa akirudi kutoka kituoni saa tisa alasiri, anabadilisha nguo, anaingia uani. Alifungua kila kilichofunguka na kukata kilichokataa. Nati alizipanga kwenye trei za sindano zilizokwisha muda wake, kila trei na karatasi yake. Ukuta wa mbele, ule unaoshika rejeta na taa, ulikuwa haufai tena. Umed alisafiri siku mbili hadi soko la vyuma chakavu la Panjakent, akarudi na ukuta mwingine, boneti, rejeta iliyotumika na taa mbili ambazo hazikufanana.

"Moja inatazama mbele, nyingine inakutazama wewe," Safol alimwambia. "Mwalimu, umenunua taa au ng'ombe mwenye makengeza?"

Bega lilinyooshwa kwa mnyororo. Ndani ya ua kuna jiwe kubwa kuliko fahali, ambalo waliojenga nyumba walishindwa kulitoa. Nyuma ya gari ilifungwa kwenye jiwe hilo. Mbele walichimbia nguzo ya chuma, wakafunga winchi ya mkono ya zamani za kituo cha matrekta, wakaanza kuvuta. Safol alivuta winchi. Mavjuda alipiga nyundo polepole kwenye kunyanzi za chuma ili zifunguke. Walivuta siku tatu.

Siku ya tatu Safol alipima kwa utepe, mnyororo ukiwa umekaza hata ukipigwa kidole unalia. "Sawasawa," alisema. "Utadhani limetoka kiwandani." Akalegeza winchi, wakaenda kula.

Hakuna aliyepima tena.

Ukuta mpya ukachomelewa. Huku juu umeme huja kwa zamu, kwa hiyo walichomelea asubuhi mapema na jioni. Mavjuda akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeupe mara tatu, alfajiri kabla upepo haujaamsha vumbi. Tarehe 6 Oktoba boneti ilifungwa ikaitika kwa mlio mmoja. Watu walikuja kutazama. Mwanamke mmoja alileta pilau.

Siku iliyofuata Mavjuda aliliendesha hadi darajani na kurudi. Aliporudi hakutoka garini. Alikaa mikono yote miwili juu ya usukani.

"Linakwenda?" aliuliza Umed.

"Linakwenda."

"Sasa mbona umenuna?"

"Linakwenda kushoto."

Siyo sana, alieleza. Kidogo tu, kama mtoto anayekuvuta upindo wa gauni. Safol alisema ni tairi. Walibadilisha tairi. Akasema ni upepo. Walingoja upepo utulie. Mwisho Umed, ambaye muda wote alikuwa anasoma maelekezo tu, aliuliza swali la darasani: je, mtu amewahi kupima ulalo kwa ulalo?

Waliazima timazi kwa mwashi wa jirani. Wakaning'iniza timazi kutoka pointi nne chini ya gari, mbili mbele na mbili nyuma, na kila lilipogusa chini wakatia alama kwenye mbao. Kisha wakasukuma gari pembeni na kupima kutoka kona hadi kona, mistari miwili inayokatana msalaba. Gari lililonyooka, mistari hiyo hulingana. Hili lilikuwa na tofauti ya milimita kumi na moja.

"Kumi na moja!" Safol alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Kwa trekta hiyo ni sherehe. Mwalimu, hizo ni hesabu za ubao. Huku ni barabara."

"Chuma kimerudi, Ami," alisema Mavjuda. "Tulipima mnyororo ukiwa umekaza. Tulipolegeza kikarudi."

"Yaani nimekosea."

"Tumekosea."

"Miaka arobaini nanyoosha vyuma. Leo nafundishwa na mkunga." Mzee alichukua kofia yake, akaenda zake. Hakuonekana kwa siku kumi.

Hapo ndipo alipoingia Bibi Oyjamol.

Oyjamol ni mjane wa kijiji cha jirani. Mwanawe yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, na mkaza mwana wake, Nigina, mwenye miaka 22, alikuwa na mimba ya wiki thelathini na saba. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, kichwa juu. Mavjuda alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba huyu atajifungulia hospitali. Tarehe 15 Oktoba alipompima tena, alimwambia afunge mzigo, aende kesho.

Alasiri ile ile Oyjamol alifika uani. Akaliona gari linang'aa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi kesho saa ngapi unatuchukua?"

"Siwachukui kwa hili, mama. Nitatafuta gari jingine."

"Kwa nini? Haliwaki?"

"Linawaka."

"Halina mafuta?"

"Mafuta yapo. Limepinda ndani. Siliamini kwenye mteremko."

Oyjamol alizunguka mbele, akatazama, akapapasa boneti kwa kiganja. "Limepinda wapi? Nioneshe."

"Huwezi kupaona kwa macho."

"Ahaa," alisema mwanamke yule. "Hapaonekani. Mkaza mwana wangu tumbo lake linaonekana hadi Dushanbe, lakini ubovu wa gari lako hauonekani. Sema tu unaogopa rangi isichubuke, binti wa mhunzi."

Mavjuda aliifikiria barabara. Kati ya Obisafed na hospitali kuna sehemu moja ya kilomita sita ambako barabara ina upana wa gari moja na mkono wa kushoto, ule ule ambao Niva ilikuwa inavuta, ni mto, mita mia mbili chini. Aliwahi kupita pale mara mia tatu au zaidi. Aliwaza mikono yake ikipambana na usukani saa tano nzima, huku nyuma kuna mama mjamzito. Halafu akaenda kutafuta lori la viazi.

Lori liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kibanda cha dereva kulikuwa na nafasi mbili tu. Nigina alikaa moja. Ya pili Oyjamol aliikalia kabla hajaambiwa. Mkunga alipanda juu, akakaa kwenye magunia ya viazi na begi lake la kuzalishia, akajifunga shali usoni kwa ajili ya vumbi.

Safari ilichukua saa saba. Kila waliposimama Mavjuda alishuka, akampima Nigina shinikizo la damu dirishani, akapanda tena. Kituo cha pili, Oyjamol alitoa kichwa nje.

"Hujambo huko juu?"

"Sijambo, mama."

"Viazi havijapinda?"

Siku mbili baadaye Nigina alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Wote wawili wazima. Lakini Mavjuda aliporudi kijijini, alikuta maneno yamemtangulia. Oyjamol alikuwa amempigia simu dada yake, dada mtu akapiga simu nyingine tatu. Ikasemekana mkunga anapenda rangi yake kuliko watu.

"Hilo lilinichoma," anasema. "Wakisema ni mkali, sawa. Wakisema mguu wangu mzito kufika, mlima wanaujua. Lakini rangi?"

Kesho yake asubuhi ndipo alipochukua tindo.

Saa tatu, ukuta wa mbele ulikuwa umeshatoka na umelala kwenye majani. Mavjuda alikuwa peke yake, Umed yuko darasani, majirani wameshachoka kutazama. Mlango wa ua ukafunguliwa kwa teke. Ami Safol aliingia na mnyororo begani.

Aliuangusha chini, akakaa juu ya jiwe, akavua kofia.

"Mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu," alianza, bila salamu, "nilinyoosha trekta moja. Nilipima mnyororo ukiwa umekaza. Lile trekta lilivuta kushoto maisha yake yote. Nilisema dereva mbaya. Mwenyekiti akasema dereva mbaya. Yule bwana akakatwa mshahara, akatukanwa hadi na mkewe." Alijifuta pua. "Amekufa bila kujua."

Mavjuda alimletea chai.

"Mimi nilijua," Safol alisema. "Nilijua toka mwanamume huyu wako alipotaja ulalo. Haya, lete hiyo winchi kabla sijabadili mawazo."

Walivuta tena siku tano. Safari hii walivuta kidogo, wakalegeza kabisa, wakangoja, wakapima. Chuma kilirudi. Wakavuta kupita kipimo, wakalegeza, wakapima. Kikarudi kidogo. Umed alikuwa analala chini ya gari na timazi, suruali yake ya kufundishia imejaa matope, akisoma namba kwa sauti ya darasani. Saba. Saba bado. Nne. Siku ya nne walivuta kupita kiasi, ikabidi wasukume nyuma kwa jeki, na Safol akatukana kwa Kirusi hadi Mavjuda akacheka kwa mara ya kwanza katika wiki tatu.

Tarehe 23 Oktoba, mnyororo ukiwa umelegea chini kama nyoka aliyekufa, Umed alisoma namba mara tatu kabla hajaitoa.

"Mbili," alisema.

"Mbili na nini?" aliuliza Safol.

"Mbili tupu. Milimita mbili. Kiwanda chenyewe kinaruhusu zaidi ya hapo."

"Pima tena."

Alipima tena. Zilikuwa mbili.

Ukuta ulirudishwa, safari hii bila haraka. Rangi Mavjuda alipaka mkono mmoja tu, kwa brashi, na michirizi inaonekana. Alipoliendesha hadi darajani, kwenye kipande kilichonyooka aliachia usukani, akahesabu hadi kumi. Gari likaenda mbele.

Jioni hiyo hiyo alimpigia simu Oyjamol, akamwambia kwamba Nigina akiruhusiwa kusafiri, gari lipo.

"Litakuwa halina viazi?" Oyjamol aliuliza.

"Halina, mama."

"Basi nitakaa mbele."

Walikwenda kuwachukua mama na mtoto tarehe 29. Oyjamol alikaa mbele kweli. Wakati wa kurudi, walipofika kwenye zile kilomita sita alishika mpini wa mlango, akaangalia mto, akaangalia mikono ya mkunga. Mavjuda alikuwa ameshika usukani kwa vidole vitatu.

Ng'ambo ya sehemu ile, Oyjamol aliachia mpini. "Ule ubovu," alisema. "Ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mavjuda alimwonesha kwa kidole gumba na cha shahada.

"Basi?"

"Basi."

Oyjamol alitazama vile vidole viwili. Halafu akageukia nyuma, akamfunika mtoto vizuri. Wiki hiyo alituma mtu na bakuli la maziwa ya mgando, jambo ambalo katika bonde hili linaeleweka kuwa ni kuomba radhi. Maneno juu ya rangi yalikoma. Nani aliyeyakomesha, Mavjuda hakuuliza.

Jambo ambalo hakulitarajia ni magari. Wiki ya kwanza ya Novemba alikuja mwalimu mwingine mwenye Opel kuukuu anayebeba abiria Ijumaa, akaomba lipimwe. Gari lake lilikuwa na milimita ishirini na tatu. Alimgonga ng'ombe miaka sita iliyopita, gereji moja ikampa rangi nzuri, tangu hapo yeye alidhani ni mazoea ya mikono yake. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Dereva wa lori la viazi naye amesema atakuja, ila kwanza avune ujasiri.

Mavjuda hataki kuwa fundi, na hilo analisema wazi. Ana kliniki ya watoto Jumatatu, wajawazito Jumatano, na kabla theluji haijafunga njia lazima chanjo zifike vijiji vyote vinne. Anachotaka ni sakafu. Ua wake ni udongo na mawe, kila wakipima Umed hulazimika kusawazisha mbao kwa maji na kamba nusu siku nzima. Aprili, barafu ikishaachia ardhi, anataka kumwaga zege mita nne kwa sita, bapa kama meza, ili yeyote wa bonde hili aliyewahi kugonga aje apime mwenyewe kabla hajabeba watu. Umed ameshaichora. Safol ameshaikosoa. Mifuko kumi na minne ya saruji inahitajika, na mpaka sasa wanayo mitatu, mmoja umetoka kwa mwenye Opel.

Anapoulizwa kama hafikirii kununua gari lingine, Mavjuda anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, anafikiri.

"Nastaafu baada ya miaka tisa," anasema. "Hili nalitaka miaka tisa tu, siliombi zaidi. Baada ya hapo likafugiwe kuku. Atakayekuja baada yangu atakuja na gari lake, na siku moja ataligonga, maana sote tunagonga." Anaelekeza kidole kwenye ua, pale ambapo kwa sasa kuna matope tu na vigingi vinne vya mti. "Sakafu ataikuta."